Mgonjwa Asiyelia

Nilipokuwa nasomea udaktari wa mifugo Morogoro, ng'ombe ndiye aliyetawala darasa. Tulimjua nje ndani: tumbo lake lenye vyumba vinne, kwato zake, kiwele chake, ndigana kali na ndigana baridi, homa ya mapafu, kutupa mimba. Baada yake walikuja kuku na mdondo wao, nguruwe, mbuzi, kondoo. Mbwa alipewa nafasi yake kwa sababu ya kichaa. Paka alifika mwisho wa mhadhara, wanafunzi wakishafunga madaftari, katika sentensi iliyoanza na maneno "vilevile kwa paka".

Walimu wetu hawakuwa wazembe. Kitivo kilianza mwaka 1976 chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kabla Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo hakijaundwa mwaka 1984, na kilianzishwa kwa ajili ya nchi ambayo ni miongoni mwa zile zenye ng'ombe wengi zaidi barani Afrika. Mfugaji wa Meatu au Simanjiro ameweka ada za watoto, mahari na akiba ya uzeeni ndani ya zizi. Ni haki daktari wake afundishwe kwanza kumwokoa ng'ombe. Nalisema hili kwa sababu nimewasikia vijana wa kliniki za mjini wakiidharau elimu ya ng'ombe, nami sikubaliani nao hata kidogo. Mkono uliozoea kumtafuta ndama tumboni mwa mama yake, usiku, mvua ikinyesha, haushindwi na mgonjwa mwingine yeyote.

Lakini lile "vilevile kwa paka" halikuwa kweli. Hilo ndilo lililonifundisha kazi miaka yote niliyotibu Dar es Salaam, na ndilo linalonifanya niandike. Zipo dawa zinazomponya mbwa na kumuua paka. Vipo vipimo vinavyosema kweli kwa mbwa na kumsingizia paka. Na zipo dalili ambazo mwenye mbwa huziona akiwa jikoni, lakini mwenye paka hazioni mpaka siku ya mwisho, kwa kuwa paka haonyeshi maumivu. Watu wamekuona kunyamaza kwake kuwa ndio uzima, wakasema paka ana roho ngumu, hana haja ya daktari. Imani hiyo imeua paka wengi kuliko ugonjwa wowote niliowahi kuutibu.

Daktari aliyenipokea kazini alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Tanga, aliyetumikia serikali kwenye majosho na machinjio kabla ya kufungua kliniki yake Kinondoni. Alikuwa na utaratibu ambao mwanzoni niliuona wa ajabu. Paka wote walipewa saa za asubuhi, kabla mbwa hawajaanza kufika. Feni ilizimwa, redio ilizimwa, mlango ulifungwa kwa komeo. Kikapu au sanduku liliwekwa mezani, likafunguliwa, kisha yeye akakaa kitini na kuanza kumhoji mwenye paka: anakula nini, anakunywa wapi, analala na nani, kinyesi chake kikoje, tangu lini haruki dirishani. Mgonjwa hakuguswa. Nikiwa na haraka ya ujana nilisogeza mkono kumtoa, naye akanizuia.

"Mdogo wangu, mwache atutazame kwanza," alisema. "Akishatuona sisi, nasi tutamwona yeye."

Paka alipotoka mwenyewe, Dokta alikuwa ameshamaliza nusu ya uchunguzi kwa macho: anavyopumua, anavyokanyaga, kama mgongo umekunjika, kama manyoya ya kiunoni hayajalambwa siku nyingi. Hakuruhusu mtu amnyanyue paka kwa ngozi ya shingo. Aliyekuwa mkali alifunikwa kwa taulo, akapimwa kiungo kimoja kimoja, sehemu nyingine zote zikiwa zimefichwa. Leo miongozo ya madaktari bingwa wa paka huko Uingereza na Marekani inafundisha mambo hayohayo. Yeye aliyapata kwa kuwatazama paka.

Mwenendo wake una sababu iliyo katika asili ya mnyama mwenyewe. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wote wa nyumbani duniani wametokana na paka pori wa Mashariki ya Kati, ndugu wa paka pori ambaye hadi leo anaishi katika nyika zetu. Huyo ni mnyama anayewinda peke yake na yeye mwenyewe akiwindwa. Mbwa akiumia, kundi linaweza kumngoja. Paka akiumia hana kundi, na anayeonyesha udhaifu ndiye anayeliwa. Basi hujificha chini ya kitanda, hupunguza chakula, hulala zaidi. Mwenye nyumba anasema amezeeka, au ameringa, au amepata nyumba nyingine.

Na hofu yenyewe hubadili mwili. Paka aliyeletwa kwa bodaboda ndani ya gunia, akapita mbele ya mbwa wanaobweka, sukari ya damu yake hupanda kiasi cha kufanana na mgonjwa wa kisukari. Mapigo ya moyo hupanda, joto hupanda. Daktari asiyelijua hili ataandika ugonjwa usiokuwepo na kumwanzishia insulini mnyama mzima, jambo linaloweza kumuua. Ndiyo maana utulivu wa chumba kile cha Kinondoni ulikuwa sehemu ya tiba kamili, sawa na darubini na mizani.

Nilianza kuelewa kwamba mwili wa paka una sheria zake siku alipoingia bibi mmoja wa Magomeni, kikapu mkononi, khanga imefunika kikapu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nitazamie huyu, tangu jana hapumui vizuri. Alikuwa na homa, nikampa Panadol. Nusu tu, kama ninavyompa mjukuu."

Nilipomfungua mdomo, fizi zilikuwa na rangi ya matope. Uso ulikuwa umevimba, na miguu ya mbele vilevile. Damu tuliyoichukua ilikuwa ya kahawia. Tulimpa hewa na dripu, tukampasha joto, lakini hakufika jioni.

Ini la binadamu huichukua parasetamoli na kuifunga pamoja na kitu kingine ili itoke mwilini bila madhara. Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya ambavyo paka, kwa kuwa ni mla nyama tangu enzi na enzi, amevikosa karibu kabisa. Dawa hubaki, hugeuka sumu, huharibu chembe nyekundu za damu hadi zishindwe kubeba oksijeni, kisha huliharibu na ini. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mkubwa, na hata nusu yake inaweza. Ipo dawa ya kuiondoa sumu hiyo, asetilisisteini, na hospitali za watu huitumia kwa sumu hiyohiyo. Baada ya siku ile Dokta alihakikisha inakuwepo kabatini, na waliofuata, wale walioletwa mapema, baadhi yao walipona.

Bibi yule hakuwa mjinga wala katili. Alimlea paka wake tangu akiwa kipaka, akimgawia samaki kwenye sahani yake mwenyewe. Alinikumbusha, huku akijifuta machozi kwa upindo wa khanga, habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula, na habari ya sahaba Abu Huraira aliyejulikana kwa kuwapenda viumbe hawa. Watu wa pwani wamelelewa na mafundisho hayo, na ndiyo maana Lamu, Unguja na Mombasa paka hupita msikitini na sokoni bila kutupiwa jiwe. Huruma ipo. Kilichomkosesha bibi yule paka wake ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwambia, wala muuza duka la dawa, wala redio, wala sisi madaktari wa mifugo, kwamba dawa iliyo salama kwa mjukuu si salama kwa paka. Tangu hapo kila anayefika kwangu na paka haondoki kabla sijamwambia. Namwambia pia kuhusu dawa za kupe na viroboto za mbwa zenye pamethrini: ukimpaka paka, atatetemeka na kushikwa na degedege mpaka mwili uchoke. Ini lake lina udhaifu huohuo kwa sumu hiyo.

Mgonjwa mwingine aliyenibadilisha aliletwa na mchuuzi wa samaki wa Feri, ndani ya ndoo iliyofunikwa wavu. Alikuwa dume mkubwa, paka shume kwa sura na makovu. Kijana alisema amefunga choo, kwa sababu anachuchumaa mara kwa mara na hakitoki kitu, na mtu alishampa mafuta ya nazi. Hili nimelisikia mara nyingi sana: watu hudhani ni choo kikubwa. Nilipopapasa tumbo, kibofu kilikuwa kigumu kama chungwa bichi. Mkojo ndio uliokuwa umezibwa.

Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba mno, hasa mwishoni. Chembechembe zinazofanana na mchanga, au ute mzito, au uvimbe unaotokana na fadhaa tu ya kuhamishwa nyumba au kuletewa paka mwingine, vyote vinaweza kuiziba. Mkojo ukirudi nyuma, figo husimama, potasi hujaa katika damu, na potasi ikizidi moyo hupunguza mwendo hadi usimame. Kuanzia kuziba mpaka kufa ni siku mbili au tatu. Hakuna dawa ya kunywa kwa hali hiyo. Anahitaji dripu, dawa ya kuulinda moyo, nusukaputi nyepesi, na mrija mwembamba unaopitishwa kwa subira huku maji safi yakisukumwa taratibu. Nilishika mrija, Dokta akasimama nyuma yangu asiseme neno, mpaka mkojo mwekundu ulipoanza kudondoka kwenye beseni. Kijana wa Feri alipiga magoti pale sakafuni. Yule dume aliishi, na aliporudi sokoni kijana alimwekea bakuli la maji chini ya meza, kwa kuwa tulimwambia kwamba ukoo wa paka ulitoka nchi kame na hauna mazoea ya kunywa sana, hivyo maji ni lazima yawe karibu na chakula kiwe na majimaji.

Kuhusu chakula niseme jambo ambalo wasomaji wa pwani hawatalipenda. Samaki mtupu hamtoshi paka. Aina nyingi za samaki wabichi zina kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na paka anayelishwa hao tu kwa wiki kadhaa huanza kuinamisha kichwa, kuyumba, mwisho degedege. Jodari na samaki wengine wa mafuta, wakiwa ndio chakula pekee, huleta uvimbe wa mafuta ya mwili unaouma kiasi kwamba paka hataki kushikwa. Chemsha samaki, changanya na nyama, maini kidogo, yai. Na yule wa bara anayeshiba ugali na mchuzi wa maharage yuko hatarini kwa namna nyingine, maana paka hana uwezo wa kujitengenezea taurini ya kutosha, na taurini haimo katika nafaka.

Habari ya taurini niliisoma usiku, katika masomo ya mbali niliyoyaanza baada ya kuona kwamba elimu yangu haitoshi. Mwaka 1987 madaktari wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha kwamba paka waliokuwa wakifa kwa moyo kutanuka hawakuwa na ugonjwa wa kurithi wala vijidudu. Walikuwa na upungufu wa taurini, huku wakila vyakula vya makopo vilivyoandikwa kuwa kamili. Viwanda vilibadili vyakula, na ugonjwa ule ukapungua mpaka ukawa nadra. Niliposoma habari hiyo niliinuka kitini. Maelfu ya paka walikuwa wamekufa huku kila mtu akiamini amewalisha vizuri, na waliougundua ukweli ni watu wachache walioamua kumchunguza paka kama paka.

Ubingwa huu una umri mfupi kuliko watu wanavyodhani. Uingereza, mwaka 1958, mwanamke aitwaye Joan Judd alianzisha shirika la kutafuta na kusambaza elimu ya magonjwa ya paka, kwa sababu aliona madaktari hawana cha kumwambia. Shirika hilo leo linaitwa International Cat Care. Boston, Marekani, Jean Holzworth alijitolea maisha yake kwa paka, na mwaka 1963 akaeleza ugonjwa wa maji tumboni ambao tutaurudia. Mwaka 1964 William Jarrett na wenzake Glasgow waligundua virusi vya leukemia ya paka. Chama cha Wamarekani wanaotibu paka kiliundwa mwaka 1971. Na mwaka 1986, huko Petaluma, mwanamke aliyehifadhi paka wengi aliona wale wa chumba kimoja wakikonda na kuugua mfululizo, akawaita wataalamu wa Davis. Niels Pedersen na Janet Yamamoto wakatoa katika damu ya paka hao virusi vinavyofanana na vya UKIMWI wa binadamu, visivyoambukiza watu. Katika baadhi ya habari hizi wenye paka ndio walioanza kulalamika, nao walikuwa wanawake.

Ule ugonjwa wa Holzworth ndio uliokuwa ukinichosha moyo kuliko yote. Vipaka wa miezi michache, wachangamfu, ghafla homa isiyoshuka, tumbo linajaa maji ya njano yenye kunata. Unatokana na virusi vya korona vya paka, ambavyo kwa wengi huleta kuhara kidogo tu, lakini kwa wachache hubadilika ndani ya mwili na kushambulia mishipa ya damu. Kwa zaidi ya nusu karne jibu lilikuwa moja. Nililitoa mimi mwenyewe kwa watoto wa shule waliokuja na sanduku la viatu, nikatafuta maneno, nikampumzisha kipaka wao kwa sindano. Kisha mwaka 2019 Pedersen, akiwa mzee, alichapisha matokeo ya dawa iitwayo GS-441524: kati ya paka 31 waliougua kwa njia ya kawaida, 25 walipona. Tiba huchukua wiki kumi na mbili. Remdesivir, iliyotumika kwa wagonjwa wa korona, ikishaingia mwilini hugeuka kuwa dawa hiyohiyo. Kisiwa cha Cyprus kilipopigwa na mlipuko mkali wa ugonjwa huu mwaka 2023, serikali iliruhusu dawa za korona zilizobaki zitumike kwa paka. Kwetu dawa hizi bado ni ghali na upatikanaji wake ni wa kubahatisha. Lakini neno "hakuna tiba" nimeliondoa kinywani, na ninawaomba wenzangu waliondoe.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya watu wenye nafasi, na kwamba nchi maskini ina magonjwa ya kufuatilia zaidi ya paka. Ninawajibu kwa kisa cha Serengeti, ambacho nilikikuta vijijini nikiwa daktari mchanga katika kikosi cha chanjo. Mapema mwaka 1994 simba walianza kuonekana wakitetemeka na kuanguka kwa degedege mbele ya watalii. Ilipofika mwisho wa mwaka, takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, karibu elfu moja, walikuwa wamekufa. Melody Roelke-Parker na wenzake waligundua kuwa kisababishi ni distempa, ugonjwa wa mbwa, ambao hadi wakati huo vitabu vilisema si tishio kwa jamii ya paka. Virusi vilikuwa vimetoka kwa mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi. Baadaye, mwaka 2008, utafiti mwingine uliongeza jambo kubwa: distempa ilikuwa imewapitia simba hao hata miaka mingine bila kuua. Mwaka ule nyati walikuwa wamedhoofishwa na ukame na kujaa kupe, simba wakawala, wakapata vimelea vya damu vya kupe kwa wingi, na distempa ilipoishusha kinga ya mwili, vimelea vikawamaliza. Mwaka 2001 hali kama hiyo ilijirudia Ngorongoro.

Kijijini watoto walituletea mbwa kwa kamba za katani, wengine wamewabeba mabegani. Mzee mmoja alituuliza, "Nyie mnachanja mbwa wetu kwa ajili ya simba?"

"Kwa ajili ya watoto wako kwanza, mzee wangu," kiongozi wetu alimjibu. "Kichaa hakibagui. Simba nao wanafaidi."

Mzee alitikisa kichwa, akaenda, akarudi na mbwa wake pamoja na paka ndani ya kapu la mahindi. Alikuwa ameelewa kuliko wasomi wengi. Takriban asilimia 99 ya kichaa kinachowapata binadamu hutoka kwa mbwa, lakini mbwa huyohuyo humuuma paka, na paka mwenye kichaa huingia hadi kitandani kwa mtoto. Chanjo yake ni ileile na bei ni ileile. Ajabu ni kwamba siku za kampeni, kila tarehe 28 Septemba, foleni ni ya mbwa. Paka wachache wanaofika huletwa na watoto.

Elimu hii inawalinda na paka wenyewe dhidi yetu. Mara nyingi wamenijia wajawazito walioamriwa na shangazi au jirani wamtupe paka sokoni kwa sababu ya toksoplasma. Vimelea hivyo ni kweli vipo na ni hatari kwa mimba. Lakini kinyesi cha paka kikitoka hakiambukizi papo hapo. Vimelea huhitaji siku moja hadi tano kukomaa. Mwingine wa nyumbani asafishe beseni la mchanga kila siku, mama avae glavu akilima bustani, aoshe mboga, na nyama iive vizuri, maana nyama isiyoiva na udongo ndizo njia kubwa za maambukizi. Paka abaki nyumbani.

Sasa nafundisha vijana wanaokuja kujifunza kazi katika kliniki. Nawaonyesha picha za nyuso. Mwaka 2019 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Montréal, Kanada, walitoa kipimo cha maumivu kinachosomwa usoni mwa paka: masikio yanavyolala pembeni, macho yanavyofumba nusu, mdomo unavyokaza, sharubu zinavyonyooka, kichwa kinavyoshuka chini ya mabega. Mambo matano tu, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kupiga picha na kuituma. Wanafunzi wangu wakishajifunza hivyo, hawamtazami tena paka kama zamani. Mmoja alirudi kwao Newala likizo, akagundua kwamba paka wa mama yake, aliyesemwa ni mvivu, alikuwa na meno mawili yaliyooza mpaka kwenye mzizi. Yaling'olewa, na paka akarudi kuruka ukuta.

Naviomba vyuo vyetu, Sokoine, Kabete, Makerere, vimpe paka mtaala wake unaosimama wenyewe, hata ukiwa mfupi, wenye ini lake, mkojo wake, hofu yake na nusukaputi yake. Si kwa kumpunguzia ng'ombe. Miji yetu inakua, na daktari kijana anayehitimu leo atakutana na paka siku yake ya kwanza kazini Mwanza, Nakuru au Kampala. Nawaomba wenye maduka ya dawa wamuulize mteja dawa ni ya nani kabla ya kumkatia vidonge. Nawaomba madaktari wenzangu watenge saa za paka, wafunge mlango, wazime redio.

Na wewe msomaji mwenye paka: asiyekula siku mbili ni mgonjwa, kwa sababu mafuta ya mwili wake huanza kulijaza ini na kulilemaza. Usimpe dawa yoyote ya watu. Mchanje kichaa, na mfunge kizazi kabla hajatimiza miezi sita. Kama ni dume, naye tangu asubuhi anakwenda mchangani na kurudi huku mchanga haulowi, mpeleke kwa daktari leo. Kesho atakuwa amechelewa.